Jina la Mji wa York: Asili Yake na Maana Yake

Mazungumzo yetu ni juu ya jina moja tu, nalo ni fupi hata mtu hulitamka kwa pumzi moja. Ni jina la mji wa York, ulioko kaskazini ya Uingereza. Huenda mwenzetu mmoja akauliza, "Je, jina moja litatosha mazungumzo mazima?" Naam, litatosha na kusaza, kwa kuwa jina hili limepita katika vinywa vya mataifa manne, na katika safari hiyo lilipotewa na maana yake ya kwanza, likavikwa maana nyingine, kisha nyingine tena, hata mwisho likabaki sauti tupu.

Lakini kabla ya kwenda mbali hivyo, na tuanze nyumbani, kwa neno ambalo msomaji amelishika mkononi mwake, yaani neno kitabu. Asili ya neno hili ni Kiarabu, na Mwarabu akitaka kutaja vitabu vingi husema kutub. Lakini wazee wetu walipolisikia, masikio yao yalikuwa yamezoea kiti na viti, kisu na visu, kikapu na vikapu. Wakaisikia ki- mwanzoni mwa neno, wakaiona kuwa ni ki- yao wenyewe, wakasema vitabu. Hawakufanya hivyo kwa ujinga. Sikio la mwanadamu ndivyo lilivyo: likiletewa sauti ngeni, hutafuta ndani yake kitu linachokijua tangu zamani. Basi, lishikeni jambo hili, maana ndilo ufunguo wa habari yote tutakayoisimulia.

Mji wa York umejengwa katika nchi tambarare, penye makutano ya mito miwili, Ouse na Foss, kiasi cha maili 200 kaskazini ya London. Una kuta za mawe za zamani ambazo mtu aweza kutembea juu yake na kuona mapaa ya nyumba, na katikati yake pana kanisa kubwa sana liitwalo Minster, ambalo minara yake huonekana toka mbali. Nchi yote inayouzunguka huitwa Yorkshire. Ukimsimamisha mwenyeji njiani na kumwuliza, "Bwana, York maana yake nini?" yamkini atacheka tu. Katika Kiingereza cha leo neno hilo halina maana yo yote. Si mti, si mnyama, si mto, si mtu. Ni jina la mji, basi.

Sasa mtu atakaye kujua asili ya jina kama hili afanyeje? Akilitazama umbo lake la leo, hataona kitu, kama vile mtu aitazamaye sarafu iliyosuguliwa kwa miaka mingi hata sura ya mfalme imefutika. Njia ni moja: atafute sarafu ile ile ilipokuwa mpya. Maana yake ni kwamba atafute maandiko ya kale kuliko yote ambamo jina hilo limeandikwa, na ajue lugha ya watu waliolitoa.

Basi na turudi nyuma. Mwaka wa 43 baada ya kuzaliwa Kristo, majeshi ya Warumi yalivuka bahari yakaingia kisiwa cha Uingereza. Wenyeji wa siku zile hawakuwa Waingereza, maana Waingereza walikuwa hawajafika bado. Walikuwa Wabriton, na lugha yao ndiyo mama wa lugha ya Kiwelshi inayosemwa hata leo katika nchi ya Wales. Warumi walikwenda wakiishinda nchi polepole kuelekea kaskazini, na katika mwaka wa 71 liwali wao, Quintus Petillius Cerialis, aliichukua Lejioni ya Tisa, yaani jeshi la askari wapatao 5,000, akaenda kujenga ngome mpya penye makutano ya ile mito miwili. Ngome ile ndiyo mwanzo wa mji. Wala Warumi hawakuipa jina la kwao, walifanya kama wafanyavyo wageni wengi, wakauliza, "Mahali hapa paitwaje?" wakaliandika jina la wenyeji kwa kadiri masikio yao yalivyoweza kulisikia. Wengine wakaandika Eburacum, na wengine Eboracum.

Maandishi ya kale yanayotaja mji huu yametoka katika ardhi ya Vindolanda, ngome ya Warumi iliyokuwa karibu na mpaka wa kaskazini. Huko wachimbaji wameona vibao vingi vya miti vilivyohifadhiwa na udongo wa majimaji usiopitisha hewa. Kimoja ni kibao cha barua, cha namna ya vile vilivyopakwa nta na kuandikwa kwa ncha ya chuma, na juu yake imesalia anwani: Eburaci, maana yake, kule Eburacum. Kiliandikwa karibu na mwaka wa 100. Miaka kama 50 baadaye, mtaalamu mmoja wa Iskandaria katika Misri, jina lake Ptolemy, aliandika kitabu cha kueleza nchi zote za dunia alizozipatia habari, naye akautaja mji huu kwa Kiyunani, Eborakon. Yafaa sisi tukumbuke kwamba katika kitabu hicho hicho Ptolemy alitaja Rhapta pia, bandari ya pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Basi majina haya mawili, la mji wa kaskazini yenye baridi na la bandari ya pwani yetu, yaliandikwa na mkono mmoja. Rhapta umepotea, hata wataalamu hawapatani ulikuwa mahali gani. Na York ungalipo.

Je, Wabriton walikuwa na maana gani? Wataalamu wa lugha huligawa jina lao mafungu mawili. Fungu la mwisho, -ako-, huonyesha mahali penye kitu fulani, au mahali pa mtu fulani. Fungu la kwanza, eburo-, ni jina la mti. Waingereza huuita mti huo yew. Ni mti wa nchi za baridi, wenye majani membamba ya kijani kibichi yasiyopukutika wakati wa baridi kama ya miti mingine. Hukua polepole mno, na huishi miaka mamia kwa mamia. Majani yake na mbegu zake zina sumu iwezayo kuua ng'ombe na farasi. Lakini ubao wake ni mgumu na tena hupindika bila kuvunjika, kwa hiyo Waingereza wa zamani waliutumia kwa kutengeneza pinde zao ndefu za vita. Hata leo mti huu huonekana sana katika viwanja vya makanisa, ukitia kivuli juu ya makaburi.

Basi maana inayokubaliwa na wataalamu wengi ni hii: Eburacum ni mahali penye miti ya yew. Ushahidi wao ni mwema. Katika lugha ya kale ya Waairish, iliyo ndugu ya Kibriton, mti huo huitwa ibar. Na katika Ufaransa palikuwa na kabila la Waeburovices, ambao jina lao lina neno lile lile, nao wameuachia mji wa Évreux jina lake. Lakini wako wataalamu wengine wasemao kwamba pengine palikuwa na mtu aliyeitwa Eburos, yaani mtu aliyepewa jina la mti huo, na kwamba mahali pale palikuwa pake. Mambo haya mawili hayapishani sana, maana kwa njia zote mbili tunarudi penye mti ule ule.

Miaka zaidi ya 300 mji ulikaa chini ya Warumi, ukawa mkubwa na wenye heshima. Mwaka wa 208 Kaisari Septimius Severus mwenyewe alikuja Uingereza kupigana na makabila ya kaskazini, akaufanya Eboracum kuwa makao yake, akafa humo mwaka wa 211. Kaisari huyu alikuwa mtu wa Afrika. Alizaliwa Leptis Magna, mji wa pwani katika nchi tuiitayo sasa Libya. Na mwaka wa 306 askari walimtangaza Constantine kuwa Kaisari katika mji huo huo, naye ndiye Kaisari wa kwanza aliyeifuata dini ya Kikristo. Watu hawa wakuu walilitaja jina la Eboracum kila siku katika amri zao na barua zao, lakini kwa Kilatini halikuwa na maana yo yote. Mti ulikuwa umekwisha kusahauliwa na wote isipokuwa wale waliosema Kibriton nyumbani mwao.

Hata ilipofika karibu ya mwaka wa 410 utawala wa Warumi katika kisiwa ulikoma. Ndipo walipokuja kwa wingi, wakivuka bahari kutoka pwani za Ujerumani na Denmark, watu walioitwa Waanglo na Wasaksoni, ambao ndio wazee wa Waingereza. Nao walipofika kwenye mji ule waliuliza kama Warumi walivyouliza, "Mahali hapa paitwaje?" Lakini midomo ya Wabriton wakati ule ilikuwa imekwisha kulilainisha jina. Ile b ya katikati ilikuwa ikigeuka kuwa v, hata mwanzo wa jina ukasikika kama Evor au Evr. Na dalili yake ipo mpaka leo, kwa kuwa Mwelshi huuita mji huo Efrog, na katika maandishi ya Kiwelshi f moja husomwa v.

Sasa kumbukeni habari ya kitabu na vitabu. Waanglo waliposikia Evor, sikio lao likatafuta kitu linachokijua, likakipata upesi. Kwani katika Kiingereza cha kale liko neno eofor, lisomwalo karibu na "eovor", na maana yake ni nguruwe mwitu. Tena mnyama huyu hakuwa mnyama wa kudharauliwa kwao. Alikuwa mkali, mwenye pembe za meno, asiyekimbia mbwa wala mikuki, na mashujaa walimfanya kuwa alama ya ulinzi vitani. Mwaka wa 1848, katika kaburi la kale mahali paitwapo Benty Grange, palifukuliwa chapeo ya chuma ya zamani hizo, na juu ya utosi wake pamesimamishwa sanamu ndogo ya nguruwe mwitu. Basi watu wa namna hiyo waliposikia kwamba mji una jina la Evor, waliona ni jina la kufaa sana. Na mwisho wa jina wakatia neno lao wic, maana yake makao ya watu, na hasa mahali pa biashara; neno hilo limo pia katika Norwich na Ipswich. Mji ukawa Eoforwic, mji wa nguruwe mwitu.

Angalieni basi jinsi jambo hili lilivyo la ajabu. Hakuna aliyekaa barazani akasema, "Na tubadili jina la mji." Hakuna aliyesema uwongo. Kila mtu aliamini kwamba analitaja jina lile lile alilopewa na waliomtangulia, na kwa sauti alikuwa karibu kusema kweli. Lakini mti ulikuwa umegeuka kuwa mnyama. Na kama tusingalikuwa na kibao cha Vindolanda na kitabu cha Ptolemy, tungalisoma Eoforwic katika maandiko ya Waingereza, tukafasiri nguruwe mwitu, tukaridhika kabisa, na tungalikosea.

Katika mji wa Eoforwic mambo makubwa yalitendeka. Mwaka wa 627 Mfalme Edwin alibatizwa humo katika kanisa dogo la miti, na kutoka kanisa lile ndipo ilipotoka Minster ya leo. Baadaye shule ya mji huo ilisifiwa sana, hata mwalimu wake mmoja, Alcuin, aliitwa ng'ambo akafundishe katika jumba la Mfalme Charlemagne. Lakini utajiri na sifa huvuta macho ya maadui. Tarehe 1 Novemba mwaka wa 866, jeshi kubwa la Waviking, wapiganaji na mabaharia wa Denmark na nchi jirani zake, liliuteka mji.

Wageni hao nao walilipokea jina kama walivyolisikia, wakalitamka kwa ulimi wao. Eofor katika ulimi wao ikawa Jór, na j hiyo husomwa kama y yetu. Wic ikawa vík. Mji ukaitwa Jórvík, yaani "Yorvik". Na hapa pana ajabu nyingine. Katika lugha yao vík ni hori, yaani mkono wa bahari uingiao nchi kavu. Na jór ni neno la washairi la kutaja farasi. Basi mtu wa Denmark aliyelisikia jina hili kwa mara ya kwanza angaliweza kudhani kwamba anaambiwa habari ya hori ya farasi, kumbe mji u mbali na bahari, wala hapana hori. Hivyo sauti ile moja imekuwa na mti kwa Wabriton, na nguruwe kwa Waanglo, na kwa Waviking yaweza kuwa na farasi.

Waviking hawakukaa kitambo kidogo tu. Mfalme wao wa mwisho katika mji huo, Erik aitwaye Shoka la Damu, alifukuzwa mwaka wa 954. Lakini watu wao walibaki, wakioa na kuolewa, na lugha yao imebaki katika njia za mji. Mgeni ajuaye Kiingereza akifika York hushangaa kuona njia nyingi zenye jina liishalo kwa gate: Stonegate, Micklegate, Coppergate na nyingine nyingi. Kwa Kiingereza cha sasa gate ni lango, naye hutazama huku na huku asione lango lo lote. Sababu ni kwamba neno hilo si lile la Kiingereza. Ni gata la Waviking, na maana yake ni njia. Micklegate ni njia kuu. Na malango ya mji, yale ya kweli yaliyomo katika kuta za mawe, huitwa bar. Kwa hiyo ndugu zetu wanafunzi waweza kuwafumbia wenzao fumbo hili: mji gani ambao njia zake ni malango, na malango yake ni vizuizi?

Coppergate yatufundisha zaidi. Kwa Kiingereza copper ni shaba, na mtu mwepesi wa kusema angefasiri mara moja, "Hii ni njia ya wafua shaba." Lakini wajuzi wa lugha ya Waviking walisema kwamba ni njia ya watengenezaji wa vikombe na mabakuli ya mti. Toka mwaka wa 1976 mpaka 1981 mahali pale palichimbwa kwa uangalifu mwingi, nao wachimbaji wakatoa vitu vipatavyo 40,000: viatu vya ngozi, vitana vya pembe, nguo, sarafu, na kati ya vitu hivyo yakaonekana mabakuli ya mti, pamoja na vile vipande vya katikati ambavyo fundi huvitupa akiisha kuchonga bakuli kwa kulizungusha. Basi neno na ardhi vikatoa ushahidi mmoja. Mwenye kudhani habari ya shaba kwa kulisikia jina tu alikuwa amekosea.

Baada ya hapo habari ya jina ni habari ya kupunguzwa tu. Mwaka wa 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaitwaa Uingereza, na waandishi wao waliliandika jina kwa namna zao. Katika kitabu kikubwa cha hesabu ya nchi kilichoandikwa mwaka wa 1086, jimbo limeandikwa Euruicscire. Huku watu wa kawaida, sokoni na mashambani, waliendelea kuita "Yorvik" kwa haraka, siku hata siku, kama atajavyo mtu jina la rafiki yake. Herufi ambazo ulimi unaona uzito kuzitamka huanguka moja moja. Hata katika karne ya kumi na tatu twaliona jina limeandikwa York. Kutoka Eburacum yenye silabi nne limebaki jina la silabi moja.

Jina lisilo na maana ni kama nyumba isiyo na mtu. Haikosi kupata mpangaji. Karibu na mwaka wa 1136 padre mmoja jina lake Geoffrey, wa Monmouth, alitunga kitabu cha habari za wafalme wa kale wa Wabriton. Katika kitabu hicho alisema kwamba mji wa York ulijengwa na mfalme mkuu aliyeitwa Ebraucus, katika zamani za Mfalme Daudi wa Wayahudi. Na mfalme huyo alikuwa na wake 20, watoto wa kiume 20 na wa kike 30. Habari hii ilipendwa sana. Lakini mfalme huyo hajatajwa na mtu ye yote aliyeandika kabla ya Geoffrey, wala ngome ya kwanza haikujengwa na mwingine ila Warumi. Mfalme alitungwa kutokana na jina la mji, kisha ikasemwa kwamba jina limetoka kwake.

Mtu atasema, "Hadithi kama hiyo yadhuru nini?" Basi sikieni habari hii. Mwaka wa 1485 Mfalme Richard wa Tatu aliuawa vitani, na Henry wa Saba akashika ufalme. Watu wa York walikuwa wamempenda Richard, wakaogopa ghadhabu ya mfalme mpya. Mwaka wa 1486 Henry alipokuja mjini, wenyeji walimvika mtu mmoja mavazi ya kifalme, wakamfanya kuwa Ebraucus mjenzi wa mji, naye akatoka kumkaribisha mfalme na kumpa funguo za mji. Maana ya mchezo huo haikuwa michezo. Mji ulikuwa ukijiombea heshima na usalama, ukisema, "Sisi tu watu wa zamani sana, tulijengwa na mfalme, usitudharau." Twaweza kuwahurumia, maana walikuwa katika hofu. Lakini mnaona jinsi neno lililobuniwa na mwandishi mmoja lilivyopata kuwa hoja mbele ya mfalme, baada ya miaka 350. Na neno likiweza kuwa hoja ya kuomba usalama, laweza pia kuwa hoja ya kudai shamba la mwenzio.

Sasa tumalize safari. Jina la kale halikufa kabisa. Askofu Mkuu wa York atiapo sahihi yake huandika jina lake la ubatizo na baada yake Ebor, kifupisho cha lile jina la Warumi. Nao Waingereza walilivusha York mpaka ng'ambo ya pili ya bahari kuu. Mwaka wa 1664 waliutwaa kwa Waholanzi mji wa Amerika ulioitwa New Amsterdam, wakaupa jina kwa heshima ya James, Mtawala wa York, ndugu yake Mfalme Charles wa Pili. Ukaitwa New York, yaani York Mpya. Mamilioni ya watu hulitaja jina hilo kila siku, katika nyumba zilizopanda juu hata kuziba jua, na ni wachache mno wajuao kwamba wanataja kijisitu cha miti ya yew kilichosimama penye makutano ya mito miwili, kabla Warumi hawajafika.

Basi, ninyi wasomaji, na hasa ninyi wanafunzi ambao walimu wenu huwaambia kukusanya habari za vijiji vyenu, twajifunza nini katika haya? Kwanza, ulizeni jina lilikuwaje zamani, kabla hamjauliza maana yake. Waendeeni wazee walio wakongwe kuliko wengine, sikilizeni wanavyolitamka, mkaandike sawasawa na matamshi yao, pamoja na jina la aliyesema na siku aliyosema. Mkipata barua, hati au ramani ya zamani, tazameni limeandikwaje.

Pili, ulizeni waliolitoa walisema lugha gani. Mtu atakayelipasua jina la Nairobi akitafuta maana yake kwa Kiswahili atajisumbua bure. Ni neno la Wamasai, waliopaita mahali pale enkare nairobi, maana yake maji baridi.

Tatu, msiridhike na maana kwa sababu ni tamu. Watu husema jina la Bagamoyo limetoka katika maneno bwaga na moyo. Lakini wengine huleta habari ya mpagazi aliyetua mzigo wake akaburudika baada ya safari ndefu ya bara. Na wengine huleta habari ya mtumwa aliyeacha moyo wake pale kabla ya kuvushwa bahari. Sauti ni moja, na habari mbili hazifanani hata kidogo: moja ya furaha, moja ya kilio. Sauti peke yake haiwezi kuamua kati yao, kama isivyoweza kuamua kati ya mti na nguruwe. Ni lazima patafutwe shahidi mwingine, ama maandiko, ama lugha, ama ardhi yenyewe.

Na mkiisha kutafuta, mkaona majibu mawili yamesalia yenye nguvu sawa, yaandikeni yote mawili, kama wataalamu walivyoyaacha mawili kwa York, miti ya yew au mtu aliyeitwa Eburos. Wazee wanaojua matamshi ya zamani hupungua kila mwaka. Kibao kimoja cha mti, kilichoandikwa anwani na mtu asiyedhani kwamba kitasomwa tena, kimewasaidia Waingereza kulijua jina la mji wao baada ya miaka 1,900. Daftari la mwanafunzi mmoja wa kijiji laweza kufanya kazi kama hiyo kwa ajili ya wajukuu wake.